Leseni ya Maisha

Ofisi ya mji iko nyuma ya kituo cha zimamoto,
mlango mzito, kengele ndogo, harufu ya kahawa iliyolala.
Rumford, Jumanne ya mwisho wa Oktoba.
Mto unapita chini ya daraja, rangi ya chuma,
nami nimembeba Asukulu kifuani, miezi saba,
amelala kama mtu asiyedaiwa.

Mbele yangu kwenye foleni ni Armand Pelletier,
jirani wa ghorofa ya chini, mstaafu wa kiwanda cha karatasi.
Vidole viwili aliikopesha mashine, zamani,
mashine haikurudisha.
Ndiye aliyenisukuma nije.
"Mnunulie sasa," alisema juzi, akiparua magamba kwenye sinki letu,
"akikua, bei nayo inakua."
Nikacheka. Kumbe na huku wanajua
samaki hukunjwa angali mbichi.

Bei zimebandikwa ukutani:
kitoto kichanga, nafuu;
kijana, panda;
mtu wa makamo kama mimi, shika kichwa.
Halafu, ukifika miaka sabini, zinaporomoka
hadi thamani ya mkate na maziwa.
Nani huyo aliyeketi na kalamu
akakadiria majira ya baridi aliyobakiza kila mtu,
akayatoza?
Armand anamwaga sarafu kaunta, anahesabu kwa vidole vinane.
"Wamenipa bei ya maiti," ananinong'oneza,
mabega yanacheka kabla ya mdomo.

"Wewe ni mkazi?" karani ananiuliza.

Mkono unakwenda mfukoni wenyewe:
bili ya umeme, mkataba wa nyumba, kadi ya chanjo,
na ungeendelea kutoa, ungetoa hata alama za nyayo.
Nimeishi kwa karatasi za siku tisini,
za mwaka, za hadi itakapoamuliwa vinginevyo,
kadi ya mgao ya Nyarugusu iliyotobolewa kila mwezi
mpaka ikawa chujio.
Kwetu, kilichoitwa cha maisha
kilikuwa kifungo.

Bi Ouellette haangalii hata nusu ya karatasi zangu.
Rangi ya macho? Nyeusi, akiamka utaona.
Nywele? Ziko njiani.
Urefu? Anatoa futi ya cherehani kwenye droo,
tunampima mwindaji juu ya kaunta:
inchi ishirini na saba, na soksi moja.
Saini naweka mimi.
Kulungu, bata bukini, trauti, vyote amefunguliwa,
yeye ambaye jana alishindwa na ndizi.

Mimi siwindi. Niseme ukweli.
Novemba yetu ya kwanza hapa, milio ya alfajiri
ilimpeleka Faila chini ya kitanda,
nikamfuata, tukalala kwenye vumbi bila kuulizana.
Saa nne Armand akapanda ngazi,
kizibao cha chungwa, paja la kulungu ndani ya gazeti.
Hakuwa na neno la Kiswahili la kuomba radhi.
Akaiacha nyama iseme.

"Na mtoto akihama jimbo?" namuuliza karani.
Nauliza kwa sababu najijua, nalijua jina letu,
linavyolala na viatu.
"Ahamie anakotaka," anasema, akiipitisha kadi kwenye mashine ya plastiki.
"Akae huko miaka arobaini. Siku akirudi, ni halali yake."
Namwomba arudie.
Si kwamba sikusikia.

Nje, upepo unatoka mtoni na meno.
Asukulu anaamka, anainyakua kadi ingali na joto,
anaipeleka kinywani, anaiuma pembeni
kwa meno yake yote mawili.
Armand anainama, anampima kwa kiganja kile kilichopungua,
anakunja uso kama mvuvi mbele ya mashahidi.
"Mkubwa huyo," anamwambia. "Usimwachie."